Mwezi wa kumi na mbili uliokuwa na siku mbili

Tarehe 9 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 5 wa enzi ya Meiji, yaani 1872, familia ya Tokyo ilikuwa bado na wiki saba nzima kabla ya Mwaka Mpya. Zilikuwa wiki za kufagia masizi darini, kulipa deni la mchele, kuwashonea watoto nguo na kutwanga mochi, ile keki ya mchele wa kunata ambayo pasipo hiyo Mjapani haoni kama mwaka umeingia. Siku hiyohiyo likatoka tangazo la serikali: mwezi wa kumi na mbili utakuwa na siku mbili tu. Ile ambayo ingekuwa siku yake ya tatu itaitwa tarehe 1 Januari 1873. Wiki saba zikayeyuka, zikabaki siku 23.

Serikali nyingi zimebadili sheria kwa ghafla, lakini ni chache zilizoingia jikoni mwa watu namna hii. Mwenye duka wa wakati ule alikopesha mwaka mzima na kudai mara mbili, wakati wa Bon, sikukuu ya wafu ya katikati ya mwaka, na mwisho wa mwaka. Sasa siku ya kudai ilifika kabla wadeni wake hawajaweka kitu. Wachapaji wa kalenda, ambao kalenda za mwaka uliofuata zilikwisha kuchapwa, walibaki na marundo ya karatasi zisizo na mnunuzi. Reli ya kwanza ya nchi, kati ya Shimbashi na Yokohama, ilikuwa imefunguliwa Oktoba ya mwaka huohuo wa 1872, na katika sehemu kubwa ya nchi habari bado zilitembea kwa miguu.

Leo Mwaka Mpya wa Japani ni tarehe 1 Januari na hakuna anayeshangaa. Lakini ufuate mwaka wa familia ya Kijapani sikukuu kwa sikukuu, na utaona kuna jambo halikai sawa. Katika kadi za Mwaka Mpya watu hupongezana kwa kuingia machipuko, na nje baridi ndiyo kwanza inakaza. Sikukuu ya maua ya mpichi huadhimishwa mipichi ikiwa bado vijiti vitupu. Sikukuu ya nyota huangukia katikati ya msimu wa mvua. Karibu kila kitu kimesogea kama mwezi mmoja, na chanzo chake ni mwezi ule wa siku mbili.

Kwa Kijapani neno *tsuki* ni mwezi wa angani na ni mwezi wa kalenda pia, kama ilivyo kwetu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Katika kalenda ya zamani mwezi ulianza siku ile mwezi unapofichika kabisa, kwa hesabu na si kwa kuutafuta kwa macho, na ulipofika tarehe 15 ulikuwa mpevu. Mtu hakuhitaji karatasi ili ajue tarehe. Alitoka nje usiku akatazama juu. Ila Wajapani, kwa kufuata Wachina, waliufunga mwezi kwenye kamba ya jua. Ramadhani huzunguka majira yote. Lakini mwezi wao wa kwanza haukuruhusiwa kwenda mbali na mwanzo wa machipuko, kwa sababu katika kila miaka 19 waliongeza miezi saba ya nyongeza. Mwaka mmoja ulikuwa na miezi 12, mwingine 13. Miezi mirefu ilikuwa na siku 30 na mifupi siku 29, na mpangilio wake ulibadilika kila mwaka.

Elimu hiyo ilikuja kwa merikebu. Kitabu cha kale cha Nihon Shoki kinasema vitabu vya kalenda vililetwa mwaka 602 na mtawa Kanroku kutoka ufalme wa Paekche, huko Korea. Mwaka 862 ikaanza kutumika kalenda ya Kichina iitwayo Senmyo, ikaachwa hivyohivyo kwa miaka 823, hadi ikawa imepishana na jua kwa siku mbili. Aliyeirekebisha alikuwa Shibukawa Shunkai, mtu wa ukoo wa wacheza *go*, mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe, waliomtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi. Kalenda yake, ya kwanza kupigiwa hesabu Japani kwenyewe, ilianza mwaka 1685. Huyohuyo alizichukua zile sehemu 72 za mwaka, kila moja kama siku tano, ambazo Wachina walizipa majina ya mambo yanayotokea kwao, akazibadili zifanane na yanayotokea Japani: ndege gani analia lini, ua gani linafunguka, siku zipi vimulimuli huonekana kutoka kwenye majani yaliyooza. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyependa anapoishi.

Watu wa kawaida nao walikuwa na kalenda zao. Kaskazini, katika himaya ya Nanbu, ambayo leo sehemu yake kubwa imo mkoani Iwate, walichapa kalenda kwa ajili ya wakulima wasiojua kusoma. Itazame karatasi hiyo kwa karibu. Kuna picha ya bakuli, kasha la chakula la ngazi, bakuli jingine, kisha mshale. Bakuli ni *hachi*, na hachi ni nane pia. Kasha ni *ju*, na ju ni kumi. Mshale ni *ya*, na ya ni usiku. Zisome kwa sauti moja baada ya nyingine: hachi-ju-hachi-ya, usiku wa 88. Ni siku ya 88 tangu machipuko yaanze, mwanzoni mwa Mei kwa hesabu ya leo, pale mkulima anapoacha kuhofia sakitu kwenye miche yake na wachuma chai wanapoingia shambani. Kwingine yuko mwizi anayekimbia na mzigo wa watu. Mzigo ni *ni*, kupora ni *ubai*. Yaunganishe haraka na umepata *nyubai*, kuingia kwa mvua. Mama asiyejua hata herufi moja aliweza kuwasomea wanawe mwaka mzima, na nina hakika walicheka walipofika kwa mwizi.

Mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, walioweza kulipa walifanya mashindano. Walichapisha picha za kubadilishana Mwaka Mpya zilizoficha namba za miezi mirefu ndani ya mchoro, labda kwenye mkunjo wa mshipi wa kiunoni au ukingoni mwa nguo iliyoanikwa. Mwaka 1765 mchezo huo ulishika moto, na katika kuzitafutia picha hizo uzuri zaidi, mchoraji Suzuki Harunobu na mafundi wenzake walifikia uchapaji wa rangi nyingi. Picha za mbao za Kijapani ambazo leo zimo katika majumba ya makumbusho duniani kote zina deni kwa swali dogo la nyumbani: mwezi huu una siku 30 au 29?

Tangazo la 1872 halikugusa tarehe peke yake. Lilivunja na saa. Kabla ya hapo mchana uligawanywa mafungu sita, kutoka alfajiri hadi magharibi, na usiku mafungu sita. Saa ya mchana ilikuwa ndefu wakati wa joto na fupi wakati wa baridi, na hakuna aliyeona ajabu, maana kazi nazo ndivyo zilivyo. Mafundi waliipokea saa ya Kizungu wakaifundisha tabia hiyo: walitundika vipande vidogo vya uzani kwenye mkono wake na kuvisogeza kufuatana na majira, au walitengeneza vibao vya namba vinavyoteleza. Tanaka Hisashige, fundi ambaye karakana yake ndiyo mojawapo ya mizizi ya kampuni ya Toshiba, alikamilisha mwaka 1851 saa ambayo vibao vyake vilijisogeza vyenyewe mwaka mzima. Hesabu ya saa hizo ilishuka: sita alfajiri, tano, nne, kisha adhuhuri ikawa tisa, nane, saba, na magharibi sita tena.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunaielewa hesabu hiyo bila taabu, na kuna sadfa moja ndani yake inayonifurahisha sana. Nane yao ya mchana, *yatsu*, ilianguka karibu kabisa na saa nane yetu. Ndio wakati watu walipotia kitu kidogo tumboni kabla ya chakula cha jioni. Saa zile zilizimwa miaka zaidi ya 150 iliyopita, lakini mtoto wa Kijapani anaporudi shuleni akafungua kabati kutafuta biskuti, anachotafuta kinaitwa *oyatsu*, yaani cha saa nane.

Kwa nini haraka namna ile? Serikali ilieleza kwamba kalenda ya jua haiyumbi, na ndiyo inayotumiwa na mataifa makubwa. Yalikuwa kweli yote mawili, lakini yangekuwa kweli vilevile baada ya mwaka mmoja. Wakubwa wengi, akina Iwakura Tomomi, Okubo Toshimichi na Kido Takayoshi, walikuwa safarini Marekani na Ulaya. Waliobaki nyumbani walikuwa na hazina iliyokauka. Okuma Shigenobu, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Serikali mpya ilikuwa imeanza kuwalipa watumishi wake kwa mwezi, na mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa na mwezi wa nyongeza baada ya mwezi wa sita. Hiyo ni mishahara 13. Kwa kalenda ya jua ni 12. Na mwezi wa kumi na mbili wenye siku mbili haukulipwa kabisa. Kwa tangazo moja hazina ikapumua mishahara ya miezi miwili.

Haraka ilionekana hata katika maandishi yenyewe. Kanuni inayoondoa siku ya ziada katika miaka ya karne kama 1900 ilisahauliwa, ikaja kuwekwa kwa amri nyingine mwaka 1898. Mwalimu na mwandishi Fukuzawa Yukichi alitoa upesi kijitabu cha kuieleza kalenda mpya, kikanunuliwa mno. Lugha yake haikuwa ya upole: asiyeelewa faida ya mabadiliko haya, alisema kwa maneno yake, ni mjinga asiye na elimu. Ninaheshimu kazi za Fukuzawa, lakini hapa aliwaonea watu. Mvuvi aliyejua bamvua na maji mafu kwa kutazama tarehe hakuwa mjinga. Alinyang'anywa chombo cha kazi akapewa kingine kisichomwambia lolote kuhusu bahari.

Januari ileile ya 1873 serikali ilizifuta sikukuu tano za misimu, zile za tarehe 7 ya mwezi wa kwanza, 3 ya tatu, 5 ya tano, 7 ya saba na 9 ya tisa, na mahali pake ikaweka sikukuu za kifalme. Ya kwanza kubwa ilikuwa ya kuadhimisha kutawazwa kwa Jinmu, mfalme wa masimulizi, ambaye vitabu vya kale husema alianza kutawala siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mwaka 660 kabla ya Kristo. Hesabu ikapigwa na kutoa 29 Januari. Lakini 29 Januari 1873 ndiyo ilikuwa Mwaka Mpya wa kalenda ya zamani! Watu walifurahi, wakatwanga mochi, wakasherehekea Mwaka Mpya wao kwa ruhusa ya serikali. Serikali ikaona kosa lake, hesabu ikarudiwa, na tangu 1874 sikukuu ikahamia 11 Februari. Ipo hadi leo kama siku ya kuasisiwa kwa taifa, na tarehe yake ilitokana na ubishi wa jikoni.

Mashambani watu hawakuiachia kalenda yao kirahisi. Katika baadhi ya ghasia za wakulima za mwaka 1873, pamoja na malalamiko ya kodi na ya kuandikishwa jeshini, lilikuwamo dai la kurudishiwa kalenda ya zamani. Kwa miaka mingi palikuwa na Mwaka Mpya mara mbili: wa shule na ofisi mwezi Januari, na wa nyumbani baadaye. Kalenda rasmi zenyewe ziliendelea kuchapa tarehe za zamani pembeni hadi mwaka 1909.

Hata umri wa mtu ulikuwa umefungwa kwenye siku ile. Wajapani hawakuongeza mwaka siku ya kuzaliwa. Mtoto alizaliwa akiwa na umri wa mwaka mmoja, na Mwaka Mpya ulipoingia nchi nzima iliongeza mwaka kwa pamoja, babu na kitukuu asubuhi moja. Aliyezaliwa mkesha wa Mwaka Mpya aliamka kesho yake ana miaka miwili. Sheria ya mwaka 1902 ilitaka umri uhesabiwe kuanzia siku ya kuzaliwa, na watu waliendelea na yao. Ilibidi itungwe nyingine, iliyoanza kutumika 1 Januari 1950, kuwasihi wote waiache hesabu ya zamani. Mwaka Mpya ulikuwa siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Nikifikiria hilo ndipo ninapoelewa kwa nini kuisogeza kuliuma.

Kila sikukuu ilitafuta njia yake. Nyingine zilifuata namba. Sikukuu ya wanasesere ya mabinti ni tarehe 3 ya mwezi wa tatu, basi ikawa 3 Machi. Jina lake la zamani ni sikukuu ya mpichi, na mpichi haujachanua Machi 3 katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo wauza maua hukata matawi mapema na kuyaweka mahali penye joto ili yafunguke kwa wakati. Ndivyo ilivyo pia kwa 7 Januari, siku ya kula uji wenye majani saba ya porini. Zamani mama na watoto walikwenda kuyachuma majani hayo yakianza kuchungulia kwenye ardhi iliyolainika. Sasa tarehe hiyo ardhi ni ngumu. Majani hulimwa kwenye vibanda vya plastiki na kuuzwa dukani katika kipakiti kimoja, yote saba, mawili kati yake yakiwa na vizizi vyake vidogo vyeupe. Familia hula uji wake vilevile, na baada ya siku nyingi za mapochopocho tumbo hushukuru.

Sikukuu ya maua ya kiku, tarehe 9 ya mwezi wa tisa, haikustahimili safari hiyo. Mapema Septemba maua hayo hayajafunguka, na bila maua hakukuwa na la kufanya. Ya tarehe 5 ya mwezi wa tano iliponea na kunawiri: sheria ya mwaka 1948 iliifanya 5 Mei kuwa Siku ya Watoto, na sheria hiyohiyo inataka siku hiyo akina mama washukuriwe. Samaki wa vitambaa hupepea juu ya mapaa, watoto huoga maji yenye majani marefu ya shobu. Zamani mwezi wa tano ulikuwa mwezi wa mvua, na maneno "anga safi ya mwezi wa tano" yalimaanisha pale mawingu yanapoachia jua upenyo kidogo kati ya mvua na mvua. Leo Mjapani akiyasema, anamaanisha anga ya bluu ya Mei isiyo na wingu. Maneno hayakubadilika hata herufi; hali ya hewa ndiyo iliyobadilika chini yake.

Tanabata, sikukuu ya nyota mbili zinazopendana ambazo hukutana mara moja kwa mwaka kwenye Njia ya Maziwa, ndiyo iliyopata taabu kubwa. Watoto huandika maombi yao kwenye vikaratasi vya rangi na kuvifunga kwenye mianzi. Tarehe 7 ya mwezi wa saba wa zamani ilianguka kwa kawaida Agosti, mvua imekwisha, na mwezi nusu ukishuka mapema kuziachia nyota uwanja. Julai 7 ya leo sehemu nyingi za Japani zimefunikwa na mawingu. Mji wa Sendai ulikataa kuipeleka sikukuu yake kwenye mvua. Wao waliisogeza mwezi mmoja mbele, na huadhimisha kuanzia 6 hadi 8 Agosti, barabara zikiwa zimening'inizwa mapambo ya karatasi yanayogusa vichwa vya wapitao. Washairi wa haiku nao wana msimamo wao: katika vitabu vyao vya maneno ya majira, Tanabata ni neno la mapukutiko hata ikiadhimishwa katikati ya joto, na Mwaka Mpya umepewa sehemu yake peke yake, kama majira ya tano.

Njia ya Sendai, kusogeza mwezi mmoja, ndiyo iliyoiokoa Bon, na bila Bon sidhani kama familia ya Kijapani ingekuwa hii tunayoijua. Ni siku ambazo roho za waliokufa hurudi nyumbani kuwatembelea walio hai. Zamani ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Tokyo, iliyokuwa pua kwa pua na serikali, ilifuata namba, ikaiweka 13 hadi 16 Julai. Mkulima hakuweza, Julai yuko shambani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi iliiweka katikati ya Agosti, na Okinawa inafuata mwezi wa angani hadi leo. Binti wa Tokyo akiolewa na mtu wa Niigata, wafu wa pande mbili wanaweza kurudi kwa tarehe mbili tofauti.

Mbele ya madhabahu ya nyumbani, katika sehemu nyingi, huwekwa tango na biringani vilivyochomekwa vijiti vinne vinne kuwa miguu. Tango ni farasi, roho zimpande zifike upesi. Biringani ni ng'ombe, zirudi naye taratibu. Jioni ya kwanza huwashwa moto mdogo mlangoni wa kuzionyesha njia, na ya mwisho moto wa kuzisindikiza. Kyoto usiku wa 16 Agosti moto huo huwashwa juu ya milima mitano inayouzunguka mji. Ngoma ya Bon ilichezwa usiku kucha kwa kuwa tarehe 15 ilileta mwezi mpevu, taa ya bure kwa kijiji kizima. Agosti 15 ya sasa inaweza kuwa giza totoro, na watu hucheza chini ya taa za karatasi. Na tangu mwaka 1945, ambapo mfalme alitangaza redioni adhuhuri ya siku hiyo kwamba vita vimekwisha, 15 Agosti ina wafu wengi zaidi wa kukumbukwa.

Vijana waliotumika katika maduka ya mjini enzi za Edo walipata ruhusa ya kwenda kwao mara mbili tu kwa mwaka, tarehe 16 ya mwezi wa kwanza na 16 ya mwezi wa saba, baada tu ya Mwaka Mpya na baada ya Bon. Mtoto wa miaka 11 au 12 alivalishwa nguo mpya na tajiri wake, akapewa hela kidogo, akaenda kumwona mama. Leo hii wiki ya Agosti na wiki ya Mwaka Mpya treni za kasi hujaa hadi watu husimama milangoni na masanduku yao, barabara kuu hufungana kwa kilomita nyingi. Magazeti huandika kila mara juu ya msongamano. Ni safari ileile ya yule mtoto.

Kusogeza sikukuu hakukukoma: mwaka 2000 sheria iliihamisha Siku ya Kuingia Utu Uzima kutoka 15 Januari hadi Jumatatu ya pili ya mwezi huo, watu wapate mapumziko marefu. Tarehe 15 ilikuwa kumbukumbu ya Mwaka Mpya Mdogo, usiku wa mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka, na uji wake wa maharage mekundu.

Kuna sikukuu moja ambayo serikali haikuweza kuigusa. Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane wa zamani ni usiku wa kutazama mwezi, na huwezi kuutazama mwezi mpevu siku ambayo haupo. Kwa hiyo huu haukufuata namba wala haukusogezwa. Mwaka 2023 ulikuwa 29 Septemba, mwaka 2024 ukawa 17 Septemba, mwaka 2025 ukawa 6 Oktoba. Kila mwaka familia lazima iulize ni lini.

Na mwaka 2033 hata kuuliza kutakuwa na shida. Kwa kanuni za kalenda ya zamani, zilizowekwa mwisho mwaka 1844, mwaka huo utaleta mpangilio ambao haujawahi kutokea tangu wakati huo, na kanuni zenyewe zinashindwa kusema mwezi wa nyongeza uwekwe wapi. Zamani mnajimu wa serikali angeamua. Serikali iliacha kazi hiyo na haina mpango wa kuirudia. Mwaka 2015 chama kimoja cha kukuza utamaduni wa kalenda kilipendekeza mwezi huo uwekwe baada ya mwezi wa kumi na moja. Pendekezo hilo likifuatwa, usiku wa kutazama mwezi utakuwa mapema Septemba. Ukiwekwa baada ya mwezi wa saba, usiku huo utachelewa kwa mwezi mzima.

Usiku wa kutazama mwezi familia huweka karibu na dirisha vitonge vyeupe vya unga wa mchele vilivyopangwa kama mnara, matete ya susuki ndani ya chupa, na magimbi ya kuchemsha, maana ndio wakati wa kuyavuna. Katika baadhi ya maeneo watoto wana ruhusa ya kuiba. Zamani walikuja gizani na fimbo ndefu yenye msumari nchani, wakachoma kitonge kimoja kimoja kupitia dirishani. Siku hizi hupita nyumba kwa nyumba na mifuko, na sahani zina peremende na biskuti. Mwenye nyumba husogeza sahani karibu na ukingo ili mikono mifupi iifikie, kisha huingia ndani na kujifanya hasikii. Akitoka baadaye akaikuta tupu hufurahi, kwa kuwa watoto wa usiku huo ni wajumbe wa mwezi.